Raba za Breki Zibadilishwe Lini?

Ndugu msomaji, kama una baiskeli, itoe nje sasa hivi. Igeuze, isimame juu ya usukani na kiti. Gazeti litakungoja. Tafuta zile raba nne ndogo zinazobana rimu unapovuta breki. Mbili ziko mbele na mbili ziko nyuma. Zitazame vizuri. Je, ni nene au nyembamba? Je, bado zina mifereji, au zimekuwa laini kama kisigino cha katambuga ya zamani?

Watu wengi hawajazitazama raba hizo tangu siku waliponunua baiskeli. Tairi hutazamwa, kwa sababu likitoboka safari inasimama. Cheni hutazamwa, kwa sababu ikikatika safari inasimama. Lakini raba ya breki ikiisha, safari haisimami. Inaendelea, tena kwa kasi. Hapo ndipo penye hatari.

Sisi mabwana shamba tumezoea kuandika habari za mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Mwezi huu naandika habari za breki. Mahindi yakishavunwa hayajawa fedha bado. Maziwa yakishakamuliwa hayajawa fedha bado. Ni lazima yafike sokoni, na katika vijiji vyetu vingi yanafika kwa baiskeli.

NCHI YETU NI YA MITEREMKO

Wenzetu wa nchi tambarare wanaweza kwenda mwaka mzima na breki mbovu wasiumie. Sisi wa Karatu hatuwezi. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,000. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka Karatu kwenda Mto wa Mbu anashuka kama mita 500, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko mahali pamoja, pale barabara inapojikunja kunja ukutani juu ya Ziwa Manyara. Anayekwenda Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, karibu na Ziwa Eyasi, naye anashuka sana. Ukipanda upande wa pili, kuelekea lango la Ngorongoro, unakutana na milima. Kurudi kwako ni kuteremka.

Kuna jambo jingine. Barabara ya lami inayotoka Makuyuni inapita Mto wa Mbu, Rhotia na Karatu hadi lango la Ngorongoro. Magari ya watalii yanayokwenda kreta na Serengeti yanapita hapo mchana kutwa. Malori pia yanapita, mengine yamebeba mahindi ya kupeleka Ngorongoro, kwa maana huko kilimo hakiruhusiwi na wananchi wananunua chakula. Sasa fikiri, ndugu. Njia nyingi za vijijini zinateremka kutoka vilimani hadi kwenye lami hiyo. Mtu anashuka na gunia lake. Mwisho wa mteremko ni barabara kuu. Pale ni lazima asimame. Kama breki hazishiki, ataingia barabarani apende asipende.

Udongo wetu nao unakula raba. Udongo huu mwekundu ulitokana na volkano za zamani za Ngorongoro na Oldeani. Ni udongo mzuri kwa ngano na mahindi. Lakini wakati wa mvua unageuka tope, na ndani ya tope mna chembe za mchanga. Tope likishika rimu, kila ukibana breki ni kama unasugua raba kwa msasa. Raba iliyodumu miezi mingi ya kiangazi inaweza kwisha katika masika moja.

MZIGO UNABADILI HESABU

Wengine husema, "Breki yangu ni nzima. Jana nimekwenda dukani, ikashika vizuri." Labda ni kweli. Lakini ulikwenda dukani mtupu.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu ana kilo 60. Baiskeli yake ina kilo 20. Jumla ni kilo 80. Akipakia gunia la mahindi la kilo 100, jumla inakuwa kilo 180. Huo ni uzito zaidi ya mara mbili. Mkono wake ni ule ule na raba ni zile zile. Kama zamani alisimama baada ya hatua 4, sasa atahitaji hatua 9. Maji ni hivyo hivyo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, kama kumpakia mtu mzima na zaidi.

Mwendo unabadili hesabu kuliko hata mzigo. Ukienda mwendo fulani ukasimama kwa hatua 3, ukienda mara mbili ya mwendo huo hutasimama kwa hatua 6. Utahitaji hatua 12. Nimeona watu wakibisha jambo hili, lakini ndivyo lilivyo. Kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne. Na rimu ya chuma ikilowa maji, umbali huo unaongezeka tena sana, hata kama raba ni mpya.

Kwa hiyo usipime breki kwa safari ya dukani. Ipime kwa mzigo mkubwa kuliko yote unayobeba, na kwa mteremko mkali kuliko yote unaopita.

KUKAZA SI KUBADILISHA

Sikiliza mazungumzo haya. Fundi baiskeli yeyote anayajua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikazie breki. Zimelegea tena."

"Mzee, hapa hakuna cha kukaza. Raba zimekwisha. Tazama, chuma kinakaribia rimu."

"Wewe kaza tu. Wiki iliyopita ulikaza zikashika."

"Nilikaza, mzee. Lakini kukaza hakuongezi raba."

Fundi huyu amesema kweli. Raba inapopungua, nafasi kati yake na rimu inaongezeka. Mkono wa breki unaanza kuja karibu na usukani. Ukikaza nati, unaisogeza raba karibu na rimu, na mkono unarudi mahali pake. Unafurahi. Lakini raba ni ile ile nyembamba. Umeficha dalili, hukutibu ugonjwa. Ukikaza mara ya tatu na ya nne, siku moja utabana breki na utasikia mlio wa chuma juu ya chuma. Siku hiyo haitakuwa uwanjani kwako. Itakuwa mteremkoni, kwa sababu ni mteremkoni ndiko unakobana kwa nguvu.

Na chuma kikifika kwenye rimu, kinaichimba. Rimu ikichimbika, hata ukiweka raba mpya zitakatwa katwa. Muulize fundi wako bei ya raba na bei ya rimu pamoja na kazi ya kupanga spoku upya. Halafu amua mwenyewe.

Basi kila unapokaza breki, tazama kwanza unene wa raba. Hiyo iwe sheria yako.

KIPIMO KIKO JIKONI

Huna haja ya kipimo cha dukani. Chukua njiti ya kiberiti. Njiti ina unene wa kama milimita 2. Iweke ubavuni mwa raba, pale inapotokeza nje ya kile kikombe cha chuma kinachoishika. Pima ni njiti ngapi.

Raba ikiwa nene kuliko njiti mbili, na ni nzima, endelea na safari zako. Ikibaki njiti mbili, tafuta raba mpya uziweke nyumbani, maana siku utakayozihitaji huenda duka la kijijini halina. Ikikaribia njiti moja, usipakie mzigo tena wala usiteremke mlima. Badilisha. Pima raba zote nne, usipime moja. Mara nyingi moja huisha kabla ya wenzake kwa sababu imekaa upande. Raba nyingi pia zina mifereji usoni. Mifereji ikifutika kabisa, hiyo ni ishara nyingine kwamba mwisho umekaribia.

Lakini unene peke yake hautoshi. Kuna raba nene ambazo zimekufa. Hizi ndizo zinazowadanganya watu. Baiskeli imekaa juani miaka mingi, raba imekauka na kuwa ngumu. Inang'aa kama jiwe la mtoni. Ibonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Raba hai inabonyea kidogo. Raba iliyokufa haibonyei, na ukibana breki inateleza juu ya rimu. Kama imeng'aa usoni tu, unaweza kuisugua kwa msasa mpaka weusi wa chini utokee, ikashika tena. Kama ni ngumu mpaka ndani, au ina nyufa, itupe.

Tazama pia kama kuna mawe madogo au vipande vya chuma vilivyojichomeka ndani ya raba. Vitoe kwa ncha ya kisu. Hivyo ndivyo vinavyochora rimu. Na kama umemwagia mafuta ya cheni yakafika kwenye rimu na raba, futa rimu kwa kitambaa na maji ya sabuni. Raba iliyonyonya mafuta ni vigumu kuponyeka. Ni heri ibadilishwe.

Mwisho wa ukaguzi, simama kando ya baiskeli bila kuipanda. Bana breki ya mbele kwa nguvu, kisha isukume mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke. Bana ya nyuma, sukuma tena. Gurudumu la nyuma lisizunguke, liburuzike tu. Kisha pakia mzigo wako na urudie pale pale uwanjani. Kazi hii haichukui hata muda wa kuchemsha chai.

KIPANDE CHA TAIRI NA NDALA

Najua yanayofanyika vijijini. Raba ikiisha, mtu anakata kipande cha tairi kuukuu la gari na kukipachika. Mwingine anakata ndala. Mwingine anaondoa breki zote na kusimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi kwa soli ya katambuga.

Siwacheki watu hawa. Akili ya kutengeneza kitu bila fedha ni akili nzuri. Lakini vitu hivi havilingani. Kipande cha tairi ni kigumu. Kinashika kidogo, na mara nyingi mna nyuzi za chuma ndani yake ambazo zinakwaruza rimu. Kinaweza kukufikisha kwa fundi polepole, bila mzigo. Ndala ni laini mno. Inashika mara mbili tatu, halafu inapata joto na kusagika. Mteremko mmoja mrefu unaweza kuimaliza. Na mguu juu ya tairi, ukiwa na gunia nyuma, unakusaidia tu pale ambapo huhitaji msaada sana.

Kuna wengine wanaoondoa breki ya mbele kwa makusudi. Wanasema itawapindua. Ni kweli kwamba ukibana ya mbele peke yake, ghafla, ukiwa mteremkoni, unaweza kurushwa mbele. Dawa si kuiondoa. Dawa ni kubana zote mbili pamoja, kidogo kidogo, na kuanza mapema kabla mwendo haujawa mkubwa. Baiskeli inayoteremka inaelemea mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Aliyeiondoa amejinyima nguvu zaidi ya nusu.

BAISKELI ZA MTUMBA ZENYE SAHANI

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Karibu na zile Phoenix na Hero tulizozizoea, ziko baiskeli za mtumba zenye gia, na nyingine hazibani rimu kabisa. Katikati ya gurudumu pana sahani nyembamba ya chuma. Breki inaibana sahani hiyo. Vijana wanazipenda, na wana haki. Breki hizi zinashika vizuri hata kwenye tope, kwa sababu sahani iko mbali na matope kuliko rimu.

Lakini nazo zina vipande vinavyokwisha, viwili kila gurudumu. Tabu ni kwamba vimejificha ndani ya mdomo wa breki. Huvioni ukipita tu. Ondoa gurudumu, au mulika kwa tochi. Utaona kila kipande kina tabaka mbili. Moja ni bamba la chuma la kushikilia. Nyingine ni tabaka la kusugulia, na hiyo ndiyo inayokwisha. Tabaka hiyo ikibaki milimita 1, yaani nusu ya njiti ya kiberiti, vipande vyote viwili vibadilishwe pamoja.

Sasa soma hapa polepole. Breki za sahani ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inavutwa kwa waya. Vipande vikipungua, mkono wa breki unakuja karibu na usukani, kama kwenye baiskeli zetu za kawaida. Mkono unakuonya. Aina ya pili inasukumwa na mafuta yaliyo ndani ya mpira mwembamba. Hii inajirekebisha yenyewe. Vipande vinapungua, lakini mkono hausogei. Unahisi breki nzima hadi siku tabaka inapokwisha na chuma kugusa chuma. Mwenye breki ya mafuta asitegemee mkono. Ategemee macho. Na gurudumu likiwa nje, asibane mkono wa breki, maana vile vipande vitasukumwa vikutane na gurudumu halitaingia tena kwa urahisi.

Usitie mafuta kwenye sahani, hata tone moja. Ukisikia mlio, si ishara ya kutaka mafuta. Tena usiishike sahani kwa mkono baada ya mteremko mrefu. Inaunguza kama sufuria.

Vipande hivi vina maumbo mengi, na cha baiskeli moja hakiingii kwenye nyingine. Ukienda kununua, au ukimtuma mtu Arusha, mpe kile cha zamani akachukue kinachofanana nacho. Usimpe maneno matupu.

WAKATI WA KUFANYA KAZI HII

Bwana shamba akikuuliza utapanda lini, hujibu, "Nitapanda nikichoka kukaa." Unajibu kwa majira. Breki nazo zina majira yake. Pima mwishoni mwa masika, tope likikauka na kabla ya mavuno. Hapo raba zimeliwa, na mizigo mizito inakuja. Pima tena vuli inapoanza. Anayeshuka na maziwa kila siku hawezi kungoja majira. Huyo apime kila wiki, siku ya kuosha madumu.

Usibadilishe asubuhi ya mnada, huku gunia limeshafungwa kwenye keria na wenzako wanakuita. Kazi ya haraka ndiyo inayozaa kosa lifuatalo.

Kosa lenyewe ni hili. Kile kikombe cha chuma kinachoshika raba, mara nyingi kimezibwa upande mmoja na kimeachwa wazi upande wa pili. Ukibana breki, rimu inaivuta raba kuelekea inakokwenda. Kwa hiyo upande uliozibwa ni lazima uelekee kule rimu inakokwenda pale mahali, gurudumu likizunguka kwenda mbele. Zungusha gurudumu kwa mkono uone. Ukiweka kinyume, raba itachomoka siku ya kwanza utakayobana kwa nguvu. Hata mafundi wenye haraka wanakosea hapa, kwa hiyo tazama mwenyewe kabla ya kulipa.

Raba ikae yote juu ya rimu. Isiguse tairi, maana italikata, wala isitokeze nje. Acha nafasi ya njiti moja kati ya raba na rimu. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Ukibana, mkono wa breki usimame kabla ya kugusa usukani, pabaki nafasi ya vidole viwili.

Raba mpya haishiki vizuri siku ya kwanza. Zunguka uwanjani au mahali tambarare bila mzigo, ubane na kuachia kama mara ishirini. Kesho yake shika spana ukaze nati zote tena, kwa sababu zikipata mtikisiko wa kwanza hulegea.